Mrejesho: siku mbili za kutembea Guangzhou

Wakuu, tumerudi salama. Niliuliza hapa, nikishafunga mzigo Guangzhou, China, siku mbili zilizobaki tutembee wapi na mama watoto. Aliyesema tuanzie kisiwa cha Shamian, Mungu ambariki! Tulifika asubuhi mapema, wazee wanacheza tai chi, yale mazoezi ya Kichina, taratibu chini ya miti mikubwa, mbele ya majumba ya zamani ya Waingereza na Wafaransa. Mke wangu hakutaka kuondoka.

Usiku tukapanda boti Mto Pearl. Mnara wa Canton, mita 600, unabadilisha rangi na maji yanabadilika nao. Pesa yangu ilienda kihalali.

Bustani ya Yuexiu, kwenye sanamu ya mbuzi watano, vaeni raba, ngazi ni nyingi. Ijumaa niliswali msikiti wa Huaisheng, wa kale sana. Asanteni mno.