Ushauri: Mbudya na familia kwa boti yangu, niende Jumamosi gani na saa ngapi?

Baba_Watatu
Wakuu, heshima kwenu. Nina boti ya faiba ya futi 19, mashine ya HP 40 ya viharusi viwili, inalala Kunduchi. Nataka iwe ya matembezi ya familia wikiendi: tuanze na kisiwa cha Mbudya, kisha Bongoyo, na Sinda huko mbeleni. Tutakuwa saba: mimi, mke wangu, watoto wa miaka 3, 7 na 12, mama yangu mzazi (magoti yanamsumbua), na mdogo wangu ambaye ndiye nahodha mwenye cheti. Mpango ni Jumamosi ijayo, mwezi ukiwa siku ya 16. Tutoke saa 3 asubuhi, turudi saa 11 jioni. Naomba kujua: saa hizo zinafaa? Mafuta lita ngapi? Nanga naiweka vipi? Na watoto niwavalishe nini? Karibuni.

MzeeWaTezi
Mwanangu, umechagua siku ambayo bahari ina ratiba yake na wewe una yako. Mwezi wa 16 ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Hapa Dar siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 au 11, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa 4 na nusu au 5, asubuhi na usiku. Kati ya kujaa na kupwa kuna zaidi ya mita 3. Ukitoka saa 3 unatoka maji yakiwa yanakimbia. Utafika Mbudya, utasogeza boti karibu na ufukwe ili mama ashuke, na saa 5 boti iko juu ya mchanga. Faiba ya futi 19 pamoja na mashine haisukumwi na watu wazima watatu. Hapo mtakaa mpaka maji yarudi, mtake msitake.

Halafu huko kurudi saa 11 jioni. Bado ni msimu wa kusi, upepo wa kusini. Asubuhi hupoa, adhuhuri hupanda, na alasiri ndiyo inavuma hasa. Kutoka Mbudya kwenda Kunduchi mawimbi ya kusi yanakupiga ubavuni njia nzima. Giza linaingia saa 12 na nusu, kwa hiyo mashine ikikusumbua kidogo tu mnatafutana gizani.

Ahirisha wiki moja. Mwezi wa 23 au 24 ni maji mafu. Maji yatajaa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 1 tu, mkondo nao unakuwa mlegevu. Toka saa 2 asubuhi, ondoka kisiwani saa 7 mchana, isizidi saa 8. Saa kamili chukua kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, na jioni ya Ijumaa soma utabiri wa bahari wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa. Wakitaja upepo mkali au mawimbi makubwa, watoto wapelekwe bustanini.

Baba_Watatu
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, nasogeza wiki. Ila mbona boti za wageni zinatoka kila siku, kusi isiwe kusi, na zinarudi jioni?

MzeeWaTezi
Marahaba. Zile ni kubwa kuliko yako, nyingi zina mashine mbili, na nahodha wake anapita njia hiyo kila siku. Usipime bahari kwa chombo cha mwenzio.

fundi_pangaboi
Mafuta na mashine niachieni mimi. HP 40 ya viharusi viwili, ukiisukuma vizuri bila kuimaliza, hunywa kama lita 15 kwa saa, na ukifungulia mpaka mwisho inakaribia 20. Kunduchi hadi Mbudya ni kama kilomita 4, si mbali. Kwenda, kurudi na mizunguko midogo haitazidi saa moja ya mashine. Beba lita 25. Kanuni ni theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi usiiguse. Wanaoishiwa mafuta karibu na nchi kavu ni wale waliopigia hesabu ya maji tulivu, wakasahau kwamba boti yenye watu saba dhidi ya upepo hunywa zaidi.

Oili ni ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3, si ya pikipiki. Soma kitabu cha mashine yako kwanza. Kama kinasema 50 kwa 1, ni nusu lita kwa lita 25. Mimina oili na petroli kidogo kwanza, tikisa, ndipo ujaze. Ukimwaga oili juu ya tanki lililojaa, inabaki imejitenga, haichanganyiki vizuri na petroli.

Kabla ya kuondoka, angalia haya kwa mpangilio: kizibo cha chini cha kutolea maji kimefungwa, skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tanki imefunguliwa (ikifungwa, mashine inakwenda dakika kumi inazima, na watu wanaanza kufungua kabureta bure), mpira wa kupampia mafuta umekuwa mgumu, kamba ya kuzimia imefungwa mkononi mwa nahodha, si kuning'inia kwenye mashine. Washa, kisha tazama mkojo wa mashine, yaani maji ya kupozea yanayotoka nje. Ukitoka dhaifu au usipotoka kabisa, zima papo hapo. Ufukwe wetu una mifuko na vipande vya nyavu, vikiziba tundu la kunyonyea maji mashine inapika pistoni ndani ya dakika chache.

Vya akiba: plagi mbili za namba ileile, spana ya plagi, kamba ya kuvutia, kisu cha kukatia nyavu kwenye pangaboi, bisibisi, koleo. Na makasia mawili, usicheke.

Binti_Mkoani
Nyongeza ya mambo mawili ambayo wakaka huyaacha. La kwanza ni jaketi okozi. Ya mtu mzima haimfai mtoto, hata ukiibana vipi. Nunua kwa uzito wake ulioandikwa ndani. Ya mtoto wa miaka 3 iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, kola ya kunyanyua kichwa, na mpini wa kumvutia juu. Mvalishe, funga, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Kidevu kikizama ndani au jaketi ikipanda masikioni, ni kubwa. Zote saba zivaliwe tangu ufukweni. Jaketi iliyolaliwa chini ya deli la barafu haimsaidii aliyekwisha kuanguka.

La pili ni mama. Kunduchi mtapanda kwa kuingia majini, na mwenye magoti mabovu hapandi ukingo wa faiba kwa kuvutwa mikono. Tafuta ngazi ya kuning'iniza au stuli nzito ya plastiki, aingilie tezini (nyuma ya boti) pembeni ya mashine ikiwa IMEZIMWA, maji yakiwa ya magoti. Akae katikati karibu na tezi, hapo boti inaruka kidogo. Mtoto anayetapika naye akae huko huko, atazame mbali, asiinamie simu. Omo, mbele ya boti, ni pa kuruka na kupigwa maji, msiwaache watoto wakae huko hata wakilia.

Kwa Bongoyo, mama apande kwenye gati pale Msasani. Itamfaa kuliko kuingia majini.

Baba_Watatu
Asante dada, ngazi sikuiwaza kabisa. Nanga je?

Binti_Mkoani
Kamba ya milimita 12, mita 50, na mnyororo mita 3 hadi 5 kati ya kamba na nanga. Mnyororo ndio unaoilaza nanga ikashika. Bila huo inaruka-ruka juu ya mchanga. Toa kamba mara tano ya kina. Ukifika saa 3 na maji mafu, tafuta mchanga mweupe upande wa magharibi wa Mbudya, kisiwa chenyewe kinakukinga na kusi. Usishushe kwenye matumbawe: hapo ni eneo tengefu tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, na nanga moja inavunja kilichokua miaka mingi. Ukikuta boya la kufungia, funga hapo. Ada ya kuingia lipa, udai risiti.

Shusha watu kwanza, kisha rudisha boti kwenye kina. Kama maji yamejaa na yatapungua mita 1, ilaze kwenye mita 2 au zaidi, usiiache kwenye kiuno. Ukishafunga, tazama alama mbili nchi kavu zilizo mstari mmoja, mti na mwamba kwa mfano. Zikiachana, nanga inaburuza.

Mashine ikizima njiani, kazi ya kwanza ni nanga, plagi baadaye. Kati ya Mbudya na bara kina ni kidogo, nanga itafika chini. Ukiacha boti ielee ukihangaika na mashine, mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi una nguvu zaidi.

MzeeWaTezi
Watu saba uhakikishe wameandikwa kwenye cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalokagua vyombo. Kikisema sita, mmoja anabaki. Mwachie mtu wa nchi kavu majina, saa ya kurudi, na saa ya kuanza kupiga simu asipokuoneni. Simu mbili ndani ya mfuko usiopitisha maji, redio ya VHF chaneli 16 kama unaweza kuipata. Na kopo la kutolea maji yaliyoingia botini, hata kama una pampu.

Sinda uiache kwa sasa. Kutoka Kunduchi unakata njia ya meli zinazoingia bandarini, na meli kubwa haiwezi kukukwepa, inakuhesabu kwamba utaikwepa wewe. Kama unaitamani sana, subiri matlai, upepo mwanana wa mashariki, Oktoba au Novemba, na utokee upande wa Kigamboni.

fundi_pangaboi
Nilisahau la kurudi. Mkifika, suuza mashine kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) dakika kumi ikiwa inazunguka polepole, kisha chomoa mpira wa mafuta uiache izime yenyewe ili kabureta ikauke. Petroli iliyochanganywa ikilala humo wiki mbili inaacha gundi kwenye jeti, vitundu vya kabureta, na Jumamosi inayofuata mtashinda ufukweni mkivuta kamba.