MREJESHO: Yule mbwa dakshundi aliyepooza miguu ya nyuma, Mbeya

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu dakshundi aliyeachwa Uyole na wenyewe waliohama, anaburuta miguu ya nyuma. Wengi mlishauri apigwe sindano ya kufa apumzike. Sasa anatembea, japo anayumba kama mlevi wa ulanzi.

Daktari wa mifugo alimbana vidole vya nyuma kwa nguvu. Mbwa akageuka kutaka kumng'ata. Hapo akasema matumaini yapo, maana hisia ya maumivu bado ilikuwepo. Mbwa hawa wa miguu mifupi, gegedu zilizo kati ya pingili za mgongo hukakamaa mapema, kisha moja hutokeza na kubana uti wa mgongo. Upasuaji hatukuuweza. Tiba ikawa dawa ya uvimbe na kufungiwa kwenye kizimba kidogo wiki 6, anatolewa kujisaidia tu, amebebwa. Mwanzoni hata mkojo nilikuwa namkamua kwa mkono. Kazi hiyo sikuipenda hata kidogo.

Aliyeniambia nimpe diklofenaki, dawa ya maumivu ya binadamu: daktari alikataa kabisa, inaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo.

Amechukuliwa na mama mmoja mstaafu wa Iringa, nyumba haina ngazi. Kaondoka na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Asiruke makochi, asinenepe. Ugali wa kumbembeleza nimeshaupiga marufuku, ingawa nina wasiwasi na wajukuu.

Gharama za dawa tulichangiana na majirani. Kizimba kipo, anayekihitaji aseme.