Naomba ushauri: kuvua mshipi Ghuba ya Chwaka, mgeni wa maji yale

Wakuu habarini, mimi na shemeji yangu tunataka kwenda kuvua mshipi Chwaka, Unguja, tumezoea maji ya kina huku Kigamboni ila ile ghuba hatuijui kabisa. Ninavyofahamu ni maji madogo yenye majani ya bahari kila mahali na mikoko upande wa kusini, na bamvua la mwezi mpevu au mwezi mwandamo maji yanakupwa sana sehemu kubwa inabaki mchanga mtupu, sasa hapo ndo wasiwasi wangu, boti ya mashine si itakwama au propela ishike majani, afadhali tukodi ngalawa na mwenyeji mwenye pondo (mti wa kusukumia chombo)?

Tunawinda changu na tasi. Je twende siku za maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana) au bamvua, maji yakijaa au yakitoka? Na upepo wa kusi ukivuma, ndani ya ghuba kunapatikana utulivu au mawimbi yanavuka mwamba?

Jingine la muhimu, tukifika tumwone nani kwanza, kamati ya wavuvi au sheha (kiongozi wa serikali wa pale kijijini)? Sitaki kabisa kuingia sehemu ya watu wenye madema (mitego ya samaki) yao bila ruhusa. Chambo je, ngisi au kamba? Wa Marumbi na Uroa nisaidieni jamani.