Lushoto kwa miguu na watoto wawili, tukitokea Mombasa

Kutoka: Mama Mapacha, Bremen

Assalam aleikum jamaa, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Agosti inshallah twarudi Mombasa wiki tano, mimi na mapacha wangu wa miaka kumi na sita. Mwaka juzi tulikaa Kibokoni kwa bibi yao mwezi mzima. Walikula mahamri na mbaazi mpaka suruali zikawabana, na siku moja binti akaniambia, "Mama, hapa twatembelea watu tu, wenyewe hatutembei." Neno lilinichoma, kwani ni kweli. Safari hii wataka kupanda milima, kulala kila usiku mahali pengine na kubeba mizigo yao wenyewe.

Kilimanjaro pesa zake sina, na kampuni ya kutupeleka na kuturudisha sitaki. Wazo la Lushoto, mji wa milima ya Usambara kule Tanzania, lilitoka kwenye dirisha la jikoni kwangu. Huku kila duka kubwa huuza kijiua cha zambarau kwenye kopo, Wajerumani hukiita Usambaraveilchen, urujuani wa Usambara. Mwanangu alisoma lile jina akauliza, "Usambara si karibu na kwenu?" Kumbe ni mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekituma huku mwaka 1892. Mimi nimezaliwa Mombasa na Lushoto sijaiona hata mara moja.

Nina euro 600 kwa watu watatu, siku kumi, kuanzia tunapovuka Likoni mpaka tunaporudi. Pasipoti yangu ni ya Kenya, za watoto ni za Ujerumani. Nipeni njia, na mniambie penye mashimo.

---

Kutoka: Ami wa Kisauni

Waaleikum salaam mwanangu.

Njia ni nyepesi. Makaratasi ndiyo yatakayokusumbua, kwa hivyo nitaanza nayo.

Wewe kwa pasipoti ya Kenya huhitaji visa Tanzania. Lakini usije ukaenda na kitambulisho peke yake kwa kuwa umesikia watu wavuka nacho. Hao huenda Uganda na Rwanda, Tanzania haimo katika mpango huo. Watoto kwa pasipoti za Ujerumani watalipa visa, dola 50 kila mmoja, na huombwa kwa intaneti kabla ya safari. Hapo dola 100 zishatoka kwenye fungu lako na bado hamjala hata muhogo.

Sasa nikuulize: kwa nini watoto wako hawana pasipoti za Kenya? Zamani mtoto aliyezaliwa nje alipata uraia kwa baba tu, mama hakuhesabiwa. Katiba ya 2010 ilikata mambo hayo. Baba au mama akiwa Mkenya siku mtoto alipozaliwa, mtoto ni raia wa kuzaliwa, popote alipozaliwa, na hukumu hiyo yawagusa hata waliozaliwa kabla ya katiba yenyewe. Kenya yaruhusu uraia wa nchi mbili, na Ujerumani nayo imeruhusu tangu Juni 2024. Nenda ubalozini Berlin sasa, usingoje Julai. Zisipowahi, basi lipa visa na msivunje safari.

Kuna shimo lingine ambalo wengi hawalioni. Watoto wakiingia Kenya kwa pasipoti za Ujerumani, wataingia kwa ile ruhusa ya kielektroniki iliyoanza Januari 2024, nayo ni ya kuingia mara moja. Ukitoka mpakani Lunga Lunga na kutaka kurudi, je, yawarudisha au waombe upya? Uliza uhamiaji upate jibu la maandishi kabla hujakata tiketi. Pale mpakani na mabegi mgongoni si mahali pa kufanyia utafiti.

La tatu, homa ya manjano. Tanzania hutaka cheti kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, na Kenya imo. Mchanjwe siku kumi kabla au zaidi. Ukiwa na kile kitabu cha njano cha zamani usikitupe, tangu 2016 chanjo moja ni ya maisha.

La nne, barua ya baba yao ya kuruhusu watoto kusafiri nawe, kama hasafiri. Huenda asiiombe mtu. Ikiombwa na huna, siku imeharibika.

Njia: feri kwa miguu ni bure, au mpande gari linalopita barabara ya Dongo Kundu. Lunga Lunga ni kama kilomita mia. Mpaka ni kituo cha pamoja, kwenda mihuri yote hupigwa upande wa Horohoro, Tanzania, kurudi upande wa Lunga Lunga. Kutoka hapo Tanga ni lami, saa moja na kitu. Wabadilishaji wa mkononi pale mpakani wahesabu haraka kuliko macho yako. Shilingi yetu moja ni kama ishirini zao, na sufuri zile humchanganya mtu. Badili za nauli na chai tu, nyingine utoe kwenye mashine Tanga.

Ami yako

---

Kutoka: Kijana wa Ganjoni, Doha

Dada, kwa nini mwende na kurudi njia moja kama ndoo ya kisimani? Fanyeni mzunguko. Treni ya asubuhi Miritini mpaka Voi, gari la Taveta, mnavuka Holili, mnalala Moshi na kuuangalia mlima bila kulipia kuupanda. Kisha basi la kuteremka kupitia Same mpaka Mombo, mnapanda Lushoto, na mnarudi kwa Tanga na Horohoro. Mipaka miwili, milima mitatu ukihesabu Pare. Nilifanya hivyo nikiwa na begi moja na ndala.

---

Kutoka: Shoga wa Tononoka, Leeds

Kijana, ulikuwa peke yako na ulikuwa na miaka ishirini na mbili. Mzunguko ni mzuri, ila siku tatu kati ya kumi zaishia kwenye viti vya basi, na watoto wamesema wataka kutembea.

Shoga, nisikilize mimi niliyekwenda na wanangu. Kosa langu la kwanza lilikuwa Mombasa penyewe. Wakala mmoja wa mabasi aliniuzia tiketi ya gari la Dar akiapa, "Lushoto? Lapita hapo hapo, mama, mtashushwa mlangoni." Uongo mtupu. Gari la Dar likifika Segera hukata kusini, na Lushoto iko upande wa pili, njia ya Arusha. Tulishushwa Segera jua likizama, watu wanne na mabegi manne, kila basi la kwenda juu lapita limejaa. Tulifika Mombo usiku tukalala gesti ambayo sitaieleza. Kwa hivyo wewe kata mpaka Tanga tu. Lala Tanga. Asubuhi panda gari la Lushoto moja kwa moja, kupitia Muheza, Korogwe na Mombo. Ukae dirishani, maana kuanzia Mombo ni kilomita thelathini na kitu za kona tupu, unapita Soni penye maporomoko ya maji, na masikio yanaziba. Mwenye tumbo jepesi asile chapati kabla.

Mji wa Lushoto uko mita kama 1,400 juu. Sisi wa pwani twasikia namba hiyo na haituambii kitu. Agosti usiku nilivaa kikoi, sweta, na kikoi kingine juu ya sweta, na bado meno yaligongana. Usinunue majaketi Bremen. Nenda Kongowea, mitumba ya majaketi ipo tele kwa kuwa Mombasa hayavaliwi, na mkimaliza mwayaachia watu kule. Viatu ndivyo vya kuja navyo, na viwe vimeshazoea miguu.

Siku ya kwanza nendeni Irente, kutoka mjini ni mwendo wa asubuhi moja tu, polepole. Mlima unakatika ghafla kama ukuta wa Ngome, na chini kabisa unaiona Mazinde na tambarare isiyo na mwisho. Wanangu, ambao huongea hata usingizini, walinyamaza. Kuna shamba hapo wanauza mkate na jibini waliyotengeneza wenyewe. Ndiyo, jibini, Usambara. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, na kitu walichopenda kilikuwa hii baridi.

Ya pili na kuendelea ndiyo safari yenyewe: Lushoto, msitu wa Magamba penye mbega weusi na weupe, mpaka Rangwi ambako masista wana vyumba vya wapitaji, safi na vya bei ya watu, halafu Mtae ukingoni. Siku tatu au nne kwa mwendo wa kibinadamu. Chukua kiongozi wa kule kule. Pesa hiyo usiibane. Vijia vinagawanyika kila baada ya shamba la kabichi, na yeye ndiye anayejua nani wa kuamkiwa kwanza na wapi pana chai. Bei mpatane mjini, mwandikiane kuwa ni pamoja na chakula chake na tozo za msitu au bila. Uliza tozo ya raia wa Afrika Mashariki na ya mgeni, mara nyingi hazilingani. Hapo tena pasipoti ya Kenya ya watoto inajilipa. Mtae kurudi Lushoto ni basi, na huondoka alfajiri mno, uliza jioni.

Jambo moja la ulimi. Sisi wa Mombasa twajidai kuwa Kiswahili ni chetu, na chetu ni kweli, lakini tukivuka Horohoro twasikika kama askari. "Nipe chai" kule ni amri. Sema "naomba chai". Mapacha wako wafundishe shikamoo isiwatoke kwa aibu.

---

Kutoka: Mzee wa Mwembe Tayari

Diani ina nini? Mtoto anaogelea, mama anapumzika.

---

Kutoka: Mama Mapacha, Bremen

Mzee wangu shikamoo. Diani haina neno, tutakuja tuogelee na wewe tukirudi.

Ami, Mungu akuweke. Nilikuwa sijui kabisa kwamba naweza kuwapa uraia mimi. Miaka yote hii nilidhani ni kwa baba tu, na baba yao ni Mjerumani. Miadi ya ubalozi nimeshaiomba. Mwanangu wa kiume ameuliza kama akipata pasipoti ile atakuwa "Mmombasa kamili", nikamwambia kwanza ajifunze kula samaki bila kumaliza meza nzima kwa miba.

Nimekata hivi. Mzunguko wa Holili tunauacha, Kijana usinune. Usiku mbili Tanga, sita Lushoto na vijijini, moja tena Tanga tukirudi. Na hapa nataka msaada wa mwisho: nasikia Tanga ni mji wa baiskeli. Nataka tukodi tatu, siku moja twende mapango ya Amboni, ambayo ni kilomita nane tu, na siku nyingine tushuke barabara ya Pangani mpaka magofu ya Tongoni, kama kilomita ishirini. Kuna anayejua zinakodiwa wapi, na kama breki zake ni za kushika?

---

Kutoka: Shoga wa Tononoka, Leeds

Uliza kwa mwenye gesti, atamwita mpwa wake. Breki mjaribu kabla ya kulipa, na kiti cha binti kishushwe, zote zimepangwa kwa wanaume warefu. Tongoni mwende alfajiri, mikoko haina kivuli.