Dume anapanda, ng'ombe hawashiki mimba

Swali: Nina majike 28 na dume mmoja, nimekaa naye miaka 2. Anapanda vizuri, ila baada ya siku 21 wengi wanarudi kwenye joto (wanataka dume tena). Nimuuze? Ni mpole mno, hata watoto humkuna shingo.

Jibu: Kupanda si kutia mimba. Aliugua homa? Homa huharibu mbegu, nazo huchukua kama miezi 2 kukomaa, hivyo madhara huchelewa kuonekana. Papasa korodani, zilingane.

Muulizaji: Duh! Moja imesinyaa. Sikuwahi kuangalia.

Jibu la pili: Mtenge leo, daktari apime mbegu na magonjwa ya zinaa. Hata akipona, muondoe: mitamba (majike wachanga) aliowazaa wanakaribia kupandwa, naye atapanda binti zake. Mimi nilizembea hapo, nikapata ndama dhaifu. Na huo upole usiuamini, dume ni dume.