Majani ya mpera ya masika hayaui bakteria, ya kiangazi yanaua. Naombeni ushauri

Kitukuu: Wakuu salaam. Niko mwaka wa mwisho chuoni. Napima dawa ya majani ya mpera dhidi ya Staphylococcus aureus na E. coli, nikilinganisha majani ya Aprili na ya Agosti. Ya Agosti Staph alikimbia, duara safi milimita 16. Ya Aprili patupu, bakteria wameota mpaka kwenye kikaratasi chenye dawa. Msimamizi anataka maelezo Jumatatu. Nipeni sababu ya kisayansi. Nawasilisha.

Mama Tunu: Bibi yetu hakuwa na Aprili wala Agosti. Ukiharisha, anachuma vichipukizi vya juu, anachemsha, unakunywa umekunja uso. Darasa la pili nilimaliza kikombe kizima, siku 3 chooni sikwenda.

Mzee wa Agari: Msimu una athari kweli. Kemikali za jani, yaani tanini na flavonoidi, hubadilika kwa mvua, jua na umri wa jani. E. coli akigoma sishangai, ana utando wa nje unaomkinga. Ila Staph kutoka milimita 16 hadi sifuri? Mvua peke yake sidhani. Ulikausha juani au kivulini? Mti ni ule ule?

Kitukuu: Kivulini, methanoli ya kutolea dawa kwenye jani ile ile, antibiotiki ya kulinganishia ilifanya kazi. Mti tuseme ni mpera.

Mzee wa Agari: "Tuseme"?

Kitukuu: Ya Agosti nilichuma mwenyewe kwa shangazi, Muheza. Aprili nilikuwa naumwa, kwa hiyo unga nikaja kuununua sokoni mwezi wa 7. Muuzaji aliapa ni wa masika. Shida sura ya 3 nimeshaandika "yalichumwa Aprili" na nimeshaichapa. Na si mimi wa kwanza jamani.

Mja_wa_Mungu: Mdogo wangu, huo ni uongo. Kesho mtu atamnywesha mwanawe kwa kuamini karatasi yako.

Mzee wa Agari: Unga wa sokoni hujui ni jani gani, limekaa stoo muda gani, limeota ukungu au la. Ndiyo maana mmea unapelekwa hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, jina linathibitishwa, sampuli inabaki na namba. Unayo?

Kitukuu: Ninayo, ya Agosti. Nikiitumia kwa yote mawili kuna ubaya gani? Mpera ni mpera.

Kipanga: Wakuu, hii chai. Tena ya majani ya mpera. Mwezi uliopita ID hii ilikuwa inatafuta wateja wa unga wa mpera, "unaua bakteria wote". Leo mwanafunzi?

Kitukuu: Ule uzi ni wa shangazi, hutumia akaunti yangu.

Mja_wa_Mungu: Astaghfirullah.

Mama Tunu: Mie wangu unatoa maua tu, matunda hakuna. Nimwagie majivu?

Mzee wa Agari: Shangazi au si shangazi, andika kwamba unga ulinunuliwa, futa neno Aprili. Kama unataka msimu wa kweli, subiri vuli, Novemba urudi kwenye mti ule ule, tawi la kimo kile kile, jani la umri ule ule, uchume saa ile ile.

Kitukuu: Novemba mbali mkuu, mimi nina Jumatatu.

Kipanga: Sawa, huo wa shangazi kilo bei gani?

Kitukuu: 12,000. Njoo PM.