Chanjo ya nimonia ina kazi gani ikiwa mtoto ameugua virusi?

MamaNeema: Naomba ushauri, ndugu zangu. Binti yangu wa miezi saba amelazwa siku nne kwa nimonia, na daktari ametueleza kwamba chanzo ni virusi. Ikiwa chanjo ya nimonia huzuia bakteria, kuna haja gani ya kumrudisha kliniki?

BibiWaTanga: Pole, mwanangu. Mimi nilizaa sita, nikawasugua mafuta ya karafuu kifuani, na wawili nikawazika kwa kichomi. Sindano hiyo haikuwapo wakati huo.

Tabibu_Mstaafu: Virusi huchubua utando wa njia ya hewa, na bakteria waliokuwa wametulia puani hupata mwanya wa kushuka mapafuni. Ndiyo maana katika utafiti wa Soweto, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2004, uliohusu watoto zaidi ya 37,000, nimonia zenye virusi zilizowalaza hospitalini waliopata dozi zote tatu zilipungua kwa asilimia 31, ingawa chanjo yenyewe haigusi kirusi hata kimoja. Je, binti amekamilisha dozi?

MamaNeema: Amepata chanjo muhimu.

Tabibu_Mstaafu: Dada, nimeuliza za wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

MamaNeema: Moja. Baada ya ile ya kwanza paja lilivimba, akalia usiku kucha, na baba yake akasema inatosha. Hatukuzembea, tulikaa tukafikiri, na tumekwisha kukubaliana asichomwe tena.

Fundi_Bati: Umeezeka upande mmoja wa paa, shemeji, halafu unailaumu mvua.

Mchunguzi: Nina shaka na uzi huu. Mwezi uliopita kililetwa kisa hiki hiki, paja kuvimba na baba kukataa, ila mtoto alikuwa wa kiume.

MamaNeema: Kadi ninayo mkononi, imelowa uji pembeni, na mbele ya wiki ya 10 na ya 14 hapajaandikwa kitu. Ningekuwa natunga, ningejitungia aibu hii?

BibiWaTanga: Mapaja ya watoto wangapi huvimba, Mchunguzi? Mwache.

Tabibu_Mstaafu: Haanzi upya, kwa kuwa dozi ya kwanza inahesabika. Zilizobaki zipishane kwa wiki nne au zaidi.

MamaNeema: Kliniki ni Jumatano. Baba yake anarudi safari Ijumaa.